Tui si Maziwa

Katika miji yetu, ya pwani na ya bara, yameenea majumba makubwa ya maduka, na ndani ya majumba hayo, aghalabu ghorofa ya juu, hutengwa ukumbi wa vyakula: meza nyingi katikati, vibanda vya wapishi pande zote, kila kibanda na taifa lake. Huku Wahindi, huku Wachina, huku Waitalia, na siku hizi Wathai. Mlaji huagiza, hulipa, hupewa namba, kisha huketi akangoja kuitwa. Mpango huo hatuna ugomvi nao. Ugomvi wetu ni juu ya ubao uliotundikwa juu ya kichwa cha mpishi wa Kithai, ambao umeandikwa kwa Kiingereza kitupu, na zaidi ya ubao, ni juu ya tafsiri itolewayo na vijana wahudumu pindi mlaji aulizapo kwa Kiswahili. Huambiwa kwamba supu ile nyeupe imepikwa kwa "maziwa ya nazi". Vijana hawa hawakulizua neno hilo pale ukumbini. Wamelipata madarasani, na madarasa yana wenyewe.

Twasema tangu mwanzo, ili msomaji asitafute maana ya pili: nazi haina maziwa. Nazi ina tui. Neno hili limo katika kamusi zetu, tangu ile ya Johnson ya mwaka 1939 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI mwaka 1981, na lilikuwamo vinywani mwa watu kabla ya kamusi yoyote kuandikwa. Ni neno fupi la silabi mbili. Mtoto wa miaka mitatu hulitamka bila taabu. Mwalimu aliyeliweka kando akaandika ubaoni "maziwa ya nazi" hakupungukiwa na neno. Alikuwa akisoma Kiingereza kichwani mwake na kukinakili kwa maneno ya Kiswahili.

Wapo watakaocheka na kusema kuwa hili ni jambo dogo, la jikoni, lisilostahili kurasa za jarida la walimu. Tunawaomba watazame kwanza jinsi jina hilo la Kiingereza lilivyowasumbua wenyewe walio nalo. Zamani Waingereza waliliita kwa jina hilo hilo hata maji yaliyomo ndani ya nazi, yale ambayo sisi huyanywa katika dafu, hata msomaji wa vitabu vyao vya safari hujiuliza msafiri alikunywa kitu gani. Mwezi wa Juni 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba bidhaa zitokanazo na mimea zisiuzwe kwa jina la maziwa, isipokuwa zile chache zilizokwisha kuorodheshwa kwa kuwa majina yake yamezoeleka. Na katika orodha ya Kiingereza, tui likawa miongoni mwa hizo zilizosamehewa. Nayo Codex, ile tume ya Umoja wa Mataifa ya viwango vya vyakula, katika kiwango chake cha mwaka 2003, ilibidi igawanye tui kwa vipimo: lenye mafuta yasiyopungua asilimia 10 likaitwa kwa neno la maziwa, na lenye yasiyopungua 20 likaitwa kwa neno la malai. Majaji na wataalamu wamekaa wakaazima majina ya zizini ili kuita kitu cha mnazini. Mpishi wa pwani yetu hakuhitaji mahakama wala tume. Lile zito la mkamuo wa kwanza, lisilotiwa maji, ni kasimile. Yafuatayo ni tui la pili na la tatu. Mabaki ni chicha, hupewa kuku.

Na si hayo tu. Mnazi una kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, kila umri na jina lake. Nazi hufuliwa kwa kifuo, makumbi yakawekwa ya kamba. Ndiyo kamba zilizoshona mitepe ya mababu wa Kibajuni wakati ambapo chombo hakikupigwa msumari hata mmoja. Kisha huvunjwa, hukunwa kwa mbuzi, huchujwa kwa kifumbu, na kifuu hubaki cha kutengenezea upawa. Vitenzi ni vingi kuliko nomino, na kila kitenzi kina kazi yake: hakuna afuaye nazi kwa mbuzi, wala akunaye kwa kifuo. Mwanafunzi aliyefundishwa "maziwa ya nazi" hupoteza mlango wa nyumba hii nzima, kwa kuwa maziwa hayakunwi wala hayachujwi kwa kifumbu, hayana kasimile wala chicha.

Sasa tuwatazame hao Wathai, ambao kwa hakika ni jirani zetu wa bahari moja, ingawa wako ng'ambo ya pili. Nao hupikia tui, nao wana jina lake ambalo halihusiani na mnyama wa kukamwa: huliita kati. Lile la mkamuo wa kwanza huliita hua kati, yaani kichwa cha tui, na lile jepesi huliita hang kati, yaani mkia. Chombo chao cha jadi cha kukunia nazi ni kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, mpishi akaketi juu yake, sawasawa na chetu. Sisi twakiita mbuzi. Wao wakiita kratai, maana yake sungura. Watu wawili wasiojuana, mmoja Koyama na mmoja katika vijiji vya Thailand, walikitazama chombo kimoja chenye miguu mifupi na kichwa kilichochomoza, na kila mmoja akaona mnyama wa kwao. Tumekwisha kusoma makala nyingi juu ya uhusiano wa tamaduni za Bahari ya Hindi. Twadhani mfano huu mmoja wafaa kuliko nyingi kati yake.

Pana na tofauti yenye kupendeza. Mpishi wa Kithai anapoanza mchuzi wake huchemsha kichwa cha tui katika sufuria mpaka kikatike, mafuta yajitenge na kuelea juu, na hapo ndipo hutia viungo vilivyotwangwa. Anakusudia hivyo, na ana msemo wake wa kulieleza jambo hilo. Mpishi wetu hufanya kinyume: hukoroga bila kuchoka, upawa juu chini, ili tui lisikatike, na likikatika huona haya mbele ya wageni. Kitenzi hiki, kukatika kwa tui, chatosha kwa kipindi kizima cha kauli ya kutendeka. Lakini mwalimu atakifundishaje, ikiwa amekwisha kuwaambia watoto kwamba kilicho sufuriani ni maziwa? Maziwa huganda, hupanda, huchacha. Hayakatiki kama tui.

Kosa moja halikai pweke. Penye "maziwa ya nazi" hapakosi "mchele wa nazi". Mpunga ukiwa shambani, mchele ukiwa guniani, wali ukiwa sahanini: haya twayafundisha darasa la kwanza, na bado katika ukumbi wa vyakula tumesikia kijana akimwuliza mlaji kama ataka "mchele mweupe au mchele wa kukaanga". Mlaji aliyeijua lugha yake angejibu kwamba mchele hawezi kuutafuna. Kiingereza kina neno moja kwa vyote vitatu, na anayefikiri kwa Kiingereza hujikuta na neno moja. Wathai wana neno khao, lakini huliongezea sifa ya kutofautisha uliomo makapini, uliokobolewa na uliopikwa. Hata katika hili, basi, wangeelewana nasi upesi kuliko tunavyoelewana na tafsiri zetu.

Lililotuudhi kuliko yote ni la samaki. Wathai hutumia, badala ya chumvi, maji ya rangi ya kahawia yatokanayo na samaki wadogo waliotiwa chumvi wakaachwa wachache kwa miezi mingi. Wao huyaita nam pla, yaani maji samaki, jina la kweli kabisa. Kiingereza kimeyapa jina lake, na wafasiri wetu wakaligeuza jina hilo la Kiingereza kuwa "mchuzi wa samaki".

Muhula mmoja uliopita, chama cha Kiswahili cha shule yetu kilikwenda kutazama maonyesho ya vitabu mjini Mombasa, na mchana tukala katika ukumbi wa jumba moja la maduka. Pamoja nasi alikuwa nyanya wa mmoja wa wanafunzi, mzaliwa wa Koyama, aliyevuka kuja Kenya mwaka 1991. Kijana wa kibandani, mtoto wa Kisauni mwenye adabu nyingi, alimweleza, "Supu hii ina maziwa, bibi, lakini si ya ng'ombe. Ni maziwa ya nazi." Mama yule akamjibu kwa upole, "Nazi hukunwa, mwanangu, kisha hukamuliwa. Akamwaye ni ng'ombe." Akaonja, akasema kwamba hilo ni tui la pili, akauliza kasimile lake limekwenda wapi. Kijana hakulijua neno. Aliingia ndani akatoka na kopo, kana kwamba jawabu limo humo. Kisha mama akauliza ndani ya wali ule mna nini kingine, akaambiwa mchuzi wa samaki. "Basi nitilie," akasema, na akaletewa kisahani cha maji ya chumvi kisichojaa vijiko viwili. Watoto walicheka. Sisi hatukucheka sana, kwani mama huyo alikuwa ameuliza kwa haja: alitaka kujua kama chakula kina kitu cha haramu, na katika jikoni la Kithai nguruwe hutumika sana. Jawabu alilopewa kwa Kiswahili halikumwambia kitu. La Kiingereza lilikuwa limeandikwa ubaoni, na hakujua kulisoma.

Chakula chenyewe kilikuwa kitamu. Twasema hivyo ili tusihesabiwe pamoja na wale wanaodai kwamba kula chakula cha kigeni ni kuukana utamaduni. Hao hawajui historia ya sahani zao. Biriani na sambusa zilikuja kwa bahari; pilipili yenyewe, ambayo leo hakuna achari ya pwani isiyo nayo wala mchuzi wa Thailand usio nayo, ilitoka Marekani ya kusini na ya kati, ikaletwa huku na huko katika zama za Wareno. Anayetaka kula cha kale kitupu na aanze kwa kuacha pilipili, muhogo na mahindi.

Lakini kwa nini twamtaja mama huyu kwa kisiwa chake? Kwa sababu Koyama ni mahali ambapo hoja yetu inapata uzito wake wote. Ni kimoja katika visiwa vya Wabajuni, mlolongo wa visiwa vya matumbawe utokao kusini ya Kismayuu hadi karibu na Kiamboni mpakani mwa Kenya, pamoja na Chovai na Chula na vinginevyo. Wenyeji hulifasiri jina la mji huo kuwa Kisima Yuu, na asiyejua kwamba yuu ni juu kwa lugha ya kaskazini hataisikia maana. Kibajuni ni lahaja ya Kiswahili kwa uzazi wake, nayo haikupata kuwa lugha ya shule katika nchi hiyo hata siku moja. Mwaka 1925 Waingereza waliikabidhi Jubaland kwa Waitalia, na tangu hapo kitabu, kilipokuwapo, kilikuwa cha lugha nyingine. Uchunguzi mkubwa wa maisha ya wavuvi hao, uliofanywa na Vinigi Grottanelli na kuchapishwa Roma mwaka 1955, umeandikwa kwa Kiitaliano. Baada ya uhuru wa 1960, na hasa baada ya Kisomali kupata maandishi rasmi ya herufi za Kilatini mwaka 1972, lugha ya shule na ya serikali ikawa Kisomali, jambo ambalo Wasomali walikuwa na haki nalo. Twataka kusema hivi tu: kwa muda huo wote Kiswahili cha Koyama kilifundishwa katika vyuo viwili visivyo na mwalimu wa mshahara, chombo cha baharini na jiko. Baba alimfundisha mwana majina ya pepo, mashua na samaki. Mama alimfundisha binti majina ya vyote vilivyopitia mikononi mwake kutoka kifuoni hadi chunguni.

Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wavuvi hao wasio na bunduki waliporwa na kufukuzwa, wakavuka kwa majahazi na mashua hadi pwani ya Kenya. Wengi walikaa katika kambi za wakimbizi za kando ya Mombasa, mathalani Jomvu, hadi kambi hizo zilipofungwa katika miaka hiyo hiyo ya 1990. Wengine walirudi, wakakuta mengine. Kismayuu ulitekwa na Al-Shabaab mwaka 2008 na kukombolewa na majeshi ya Kenya na ya Kisomali mwaka 2012. Wengine walikwenda mbali zaidi, hadi Uingereza. Chuo cha kwanza, cha chombo, kilifungwa kwa wengi wao siku walipoikosa bahari yao. Kikabaki cha jikoni. Na jikoni la mhamiaji, Mombasa au London, ndilo ambalo siku hizi tui huingia likiwa ndani ya kopo, na mara nyingi kopo hilo limetoka Thailand.

Huko Uingereza jambo la lugha halikuwa la makala. Mtu aliyedai kwamba ametoka katika visiwa hivi alihojiwa juu ya visiwa vyake, na mara nyingine sauti yake ilinaswa ikapelekwa kwa wachunguzi wa lugha waamue kama kweli usemi wake ni wa huko au ni wa Kenya. Mwaka 2004 baraza la rufani za uhamiaji la nchi hiyo lilitoa uamuzi mahususi juu ya uzito wa kupewa ujuzi wa Kibajuni katika madai ya namna hiyo. Fikiria basi kijana aliyebebwa mgongoni kutoka Koyama, akalelewa Mombasa, akafundishwa na mwalimu mwenye cheti kwamba maneno ya nyanya yake si Kiswahili fasaha, na ya kitabu ndiyo. Siku ya kuulizwa yeye ni nani, atajibu kwa maneno ya kitabu. Hatusemi kwamba neno tui lingemwokoa. Twasema kwamba shule ilimnyang'anya ushahidi wake, ikamwandikia alama nzuri.

Hapa ndipo tunapokabiliana na wenzetu. Hoja yao ya kwanza ni kwamba maneno kama kasimile na kifumbu ni ya lahaja, na kazi yetu ni kufundisha Kiswahili sanifu. Hoja hii haina miguu. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja kwa uamuzi wa mwaka 1928, na Unguja, wasomaji wetu wajua, si nchi iliyopungukiwa na minazi. Maneno haya ni ya pwani nzima. Kilicho nje ya usanifu ni hayo "maziwa ya nazi", ambayo hayana lahaja wala kijiji.

Hoja ya pili ni kwamba lugha hukua kwa kukopa. Ndiyo, na sisi ndio wa mwanzo kuitetea. Pad thai na iitwe pad thai. Jina hilo lina historia yake: sahani hiyo ilienezwa na serikali ya Phibun katika zama zile zile ambapo nchi ya Siam ilibadilishwa jina ikawa Thailand, mwaka 1939, na kuitafsiri ni kuivua nguo. Tom yum nayo na ibaki na jina lake. Kukopa ni kuchukua usichonacho. Ulicho nacho ukakitupa jaani, kisha ukaenda kuazima kibovu cha jirani, hilo si kukopa, na hatulijui jina lake la heshima.

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini, nayo ndiyo ya kweli: kwamba vijana wa mjini hawalijui tena neno tui, na mwalimu hana budi kusema nao kwa wanachokielewa. Kwanza, twashuku kama ni kweli. Kijana yule wa Kisauni alikuwa na mbuzi kwao. Tulimwuliza, akasema mama yake hukuna nazi kila Ijumaa. Neno alikuwa nalo nyumbani, akalivua pamoja na viatu alipoingia kazini, kwa kuwa alifahamishwa kwamba pale ni mahali pa maneno mengine. Pili, ikiwa kweli hawalijui, kazi ya mwalimu ni ipi? Hatujasikia mwalimu wa hesabu akiacha kugawanya kwa sababu wanafunzi hawajui kugawanya.

Na tuwatazame tena Wathai, kwa kuwa wao ndio waliotuletea mfano mezani. Chakula chao hakikuenea duniani kwa bahati. Mwaka 2002 serikali yao ilianzisha mpango maalumu wa kuongeza mikahawa ya Kithai katika nchi za nje, ikatoa misaada na mafunzo, na wizara yao ya biashara hutoa alama ya ithibati kwa mikahawa inayopika sawasawa. Mwaka 2024 UNESCO ikaitia supu yao ya tom yum ya kamba katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Katika safari hiyo yote hawakuyatupa majina yao. Mlaji wa Nairobi, wa Dubai na wa Chicago hujifunza kutamka maneno ya Kithai, tena kwa kujivuna, na huona aibu akikosea. Mlaji huyo huyo, akiwa Mswahili, haoni aibu kuita tui maziwa. Pweza wetu wa nazi, samaki wa kupaka na mbaazi za tui havina kibanda katika kumbi nyingi za namna hiyo, na pale vilipo, vimeandikwa ubaoni kwa Kiingereza, Mswahili akiwauzia Waswahili.

Sheria haina lawama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, yakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Na kifungu cha 46 champa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayoyahitaji ili afaidike na anachonunua. Mama aliyeuliza kilichomo katika wali wake alikuwa akidai haki ya kikatiba, ijapokuwa yeye aliona anauliza tu. Tangu UNESCO ilipotangaza mwaka 2021 kwamba tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, sisi walimu tumehudhuria hotuba nyingi siku hiyo. Hotuba huisha saa saba, na chakula cha mchana huagizwa kwa Kiingereza. Tulidhani mwanzoni kwamba ni ajali ya mahali. Imekuwa ni desturi.

Tuliporudi shuleni tuliwapa wanafunzi wa kidato cha pili zoezi badala ya ile insha ya kila mwaka ya "Safari Niliyoipenda": wauandike upya ubao ule kwa Kiswahili, bila kutumia Kiingereza kama daraja, wakimwuliza mkubwa wa nyumbani kila walipokwama. Ilichukua majuma matatu. Supu ya kuku waliiita kuku wa tui jepesi, na wakaandika chini yake viungo vyote, mchaichai ukiwamo, ambao baadhi yao wanao uani. Mchuzi wa kijani waliueleza kuwa ni mchuzi wa tui lililokatika, wa pilipili mbichi. Embe na ule wali wa kunata waliviita wali wa kunata kwa embe na kasimile, na twadhani hakuna atakayelitamani zaidi jina la Kiingereza. Saladi ya papai waliiandika papai bichi la kutwanga, kwa kuwa kweli hutwangwa kinuni. Nam pla waliyaita maji ya samaki wa chumvi. Palitokea mabishano makali juu ya tambi za mchele, kama ziitwe tambi au vinginevyo, na kundi lililoshindwa bado halijakubali. Mtoto mmoja, mjukuu wa mama yule wa Koyama, alileta maneno matano ya jikoni ambayo mwalimu wake hakuyajua, na matatu kati yake hatukuyaona katika kamusi yoyote iliyoko shuleni. Tumeyaandika katika daftari pamoja na jina la kisiwa, na tarehe.

Orodha hiyo, ikiwa safi na kupigwa chapa, tuliipeleka kwa wenye ukumbi, tukaeleza kwamba hatutaki malipo, twataka itundikwe kando ya ile ya Kiingereza, na mbele ya kila chakula iandikwe kama kina nguruwe au la. Wameipokea kwa tabasamu. Muhula umekwisha na mwingine umeanza, na ubao ni ule ule. Nakala ziko kwetu. Mwalimu yeyote anayetaka kuipeleka orodha hii katika ukumbi wa mji wake na atuandikie kupitia mhariri, tutampelekea, na akiwa na jina bora la tambi zile atuambie.